Chupa Iliyoletwa na Mteja

Dada yangu alipohitimu, tulikwenda mkahawani hapa Kampala na chupa yetu ya mvinyo. Tukatozwa ada ya kuifungua, na baba akaona tumedharauliwa. Nikatafuta asili ya desturi hiyo katika historia ya New Zealand. Huko, kuanzia 1917 hadi 1967, baa zilifungwa saa kumi na mbili jioni, na mikahawa ilianza kupewa leseni za pombe miaka ya 1960 tu. Kabla ya hapo wateja walijiletea mvinyo kwa siri. Mwaka 1976 sheria ikaruhusu jambo hilo waziwazi. Hoja yangu ni kwamba desturi hii ilizaliwa na katazo, si ukarimu. Baba amenielewa, lakini bado anasema mgeni halipishwi alichokuja nacho.