Nafasi ya sheria haikuwa ya kuahirisha: kutoka Masasi na Newala hadi Dar

Mdogo wangu wa Newala amechaguliwa kusoma sheria, na anataka kuahirisha mwaka mmoja, halafu aombe upya chuo chenye ada nafuu. Baba mdogo amekuja juu: nafasi ya chuo haichezewi! Mimi nilicheka, kisha nikaona ana sababu. Wazee wetu hawakuwa na uchaguzi huu.

Hebu turudi nyuma. Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso, Masasi, alisoma Ndanda na Pugu, akahitimu Makerere mwaka 1962, shahada ya Kiingereza. Sijui kama aliwahi kuwaza uwakili, ila hata angewaza, Makerere haikufundisha sheria hadi 1968. Aliyeitaka ilibidi avuke bahari, hasa kwenda Uingereza. Mlango wa nyumbani ulifunguliwa Oktoba 1961, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Kitivo cha kwanza kilikuwa sheria, na wanafunzi hawakufika 15. Kwa hiyo "kuomba kwingine" maana yake ilikuwa meli au ndege.

Halafu ikaja zamu ya serikali kuahirisha. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga sharti la kwenda JKT, na Mwalimu Nyerere akawafukuza karibu 400, warudi makwao. Wengi walirudishwa mwaka uliofuata.

Ila lililobana zaidi ni Azimio la Musoma, Novemba 1974. Ukimaliza kidato cha sita huendi chuo moja kwa moja: unapita JKT, unafanya kazi miaka miwili, ndipo unaomba, ukiwa na barua ya mwajiri na ya tawi la chama. Lengo lake nalielewa, msomi asijione amezaliwa ofisini. Lakini jiweke wewe katika nafasi ya kijana wa Newala. Kazi ya mshahara unaipata wapi kule juu, ukitoa ualimu, ushirika na ofisi ya wilaya? Na barua yako iko mkononi mwa katibu wa tawi, ambaye huenda mmegombania mpaka wa shamba!

Nyumbani nako hali ilikuwa inaporomoka. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna korosho tani kama 145,000, kiwango cha juu wakati huo. Baadaye watu walihamishiwa vijijini, mikorosho ikabaki mbali bila kupaliliwa, na kufikia katikati ya miaka ya 80 mavuno hayakufika hata tani 20,000. Familia iliyotegemea korosho ingemsubirije kijana miaka mitatu? Wanawake walipungua chuoni kiasi kwamba baada ya muda mfupi waliruhusiwa kuingia moja kwa moja.

Leo vyuo vya sheria ni vingi, na Chuo Kikuu Huria kinakufuata ulipo. Shida imehamia kwenye kalenda. Ukishathibitisha chuo kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu, mfumo wa TCU unakuhesabu wa pale, na ukitaka kwingine lazima kwanza ujitoe. Uthibitisho huo unadaiwa kabla minada ya korosho haijaanza mwezi Oktoba. Yaani unaahidi ada kabla ya kujua bei ya kilo.

Mdogo wangu ameniomba nimpigie baba mdogo. Nitaanza na ile barua ya katibu wa tawi, maana nadhani anaikumbuka.