Chaja ya gari la umeme kwenye lodge: Mambo ya kujua kabla ya kufunga Shinyanga na Geita

Gari la umeme lililotoka Mwanza na chaji kamili linakwenda takriban kilomita 165 kufika Shinyanga mjini. Kwa gari lililotumika lenye betri ndogo, safari inaweza kuishia hapo. Kahama iko takriban kilomita 100 mbele. Dereva huyo anachotaka ni sehemu ya kulala yenye umeme salama uani.

Hiyo ni nafasi ya biashara kwa wenye lodge, gesti na hoteli. Lakini chaja iliyofungwa vibaya inaweza kuunguza nyaya za jengo zima. Haya ndiyo ya msingi.

Chaja ya taratibu inatosha

Mgeni wa lodge analala saa nane hadi kumi. Muda huo unamaliza kazi bila chaja ya kasi, ambayo ni ghali na mara nyingi inahitaji laini kubwa pamoja na transfoma.

Chaja zinazofaa lodge ni za aina tatu:

• Soketi maalumu ya ampea 16: inatoa hadi kW 3.7. Inafaa pikipiki, bajaji na gari dogo.
• Chaja ya ukutani ya ampea 32, fezi moja: hadi kW 7.4. Hii inatosha lodge nyingi.
• Chaja ya ukutani ya fezi tatu: hadi kW 22.

Kubwa haimaanishi haraka. Kasi ya chaja hizi huamuliwa pia na kifaa kilichomo ndani ya gari. Nissan Leaf nyingi zilizotumika kutoka Japani hupokea kati ya kW 3 na 6.6 tu. Ukiichomeka kwenye chaja ya kW 22, hailali muda mfupi zaidi.

Piga hesabu ya laini kwanza

Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, na Kishapu mkoani Shinyanga kuna mradi wa umeme wa jua. Lakini umeme kuwepo kwenye gridi ni jambo moja, na waya unaoingia lodge ni jambo lingine.

Mfano: laini ya fezi moja yenye breka ya ampea 60 inabeba takriban kW 13.8. Shawa mbili za umeme zikiwashwa pamoja, kila moja ikila karibu kW 5, tayari ni kW 10. Ongeza chaja ya kW 7.4, jumla inafika 17.4. Breka inakata, wageni wanabaki na sabuni mwilini.

Suluhisho ni mawili: kuomba TANESCO fezi tatu, au kufunga chaja inayoweza kupangiwa muda, ianze saa tano usiku watu wakishaoga.

Fundi, ethi na radi

Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, na leseni zina madaraja. Mwenye lodge aombe kuiona na ahakikishe inaruhusu kazi ya ukubwa huo.

Mambo ya kumdai fundi:

• Waya wake peke yake kutoka kwenye bodi kuu, usichangie na jiko wala AC. Kwa ampea 32, kawaida ni shaba ya mm² 6 au zaidi kadiri umbali unavyoongezeka.
• Breka yake, pamoja na kifaa kinachokata umeme ukivuja.
• Ethi iliyopimwa kwa kifaa. Udongo mkavu au wa mawe hupitisha umeme vibaya, kwa hiyo ipimwe wakati wa kiangazi, si baada ya mvua.
• Kinga ya radi, maana Kanda ya Ziwa hupigwa na radi nyingi msimu wa mvua.
• Chaja isiunganishwe na jenereta ndogo. Umeme ukikatika, isubiri urudi.

Waya wa ekstensheni kutoka chumbani kupitia dirishani upigwe marufuku. Soketi ya kawaida haikuundwa kubeba mzigo mkubwa saa kumi mfululizo. Huchemka, kisha huyeyuka.

Kichwa cha waya kina utata

Magari hayatumii plagi moja. Leaf za Japani hutumia Type 1, magari ya Ulaya Type 2, na mengi yaliyotengenezwa kwa soko la China hutumia GB/T. Njia rahisi ni kufunga chaja yenye soketi ya Type 2, mgeni aje na waya wake unaolingana na gari.

Bei kwa mgeni

Lodge nyingi ziko tarifu T1, ambayo ni ya wanaotumia hadi uniti 7,500 kwa mwezi. Pamoja na kodi, uniti moja ya LUKU ni takriban shilingi 356. Kujaza betri ya kWh 40 kunakula karibu uniti 44, kwa kuwa nyingine hupotea njiani. Hiyo ni takriban shilingi 15,700.

Mwenye lodge akisema "chaji ni bure" kwenye chumba cha shilingi 30,000, nusu ya pesa imeondoka. Mita ndogo kwenye chaja inamaliza ubishi asubuhi.

Aanze na kipi?

Migodini bado magari ya dizeli ndiyo yametawala. Kwa hiyo lodge ya Kahama au Geita haina haja ya kukopa ili ifunge chaja kubwa leo. Soketi moja ya ampea 16 yenye ethi nzuri, pamoja na bomba tupu la waya lililofukiwa mapema kwa ajili ya chaja ya baadaye, ni mwanzo wa gharama ndogo. Uani usichimbwe mara mbili.