Shahada ya biashara ilizaliwa maduka yakiwa matupu

Mwaka 1979 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua Kitivo cha Biashara na Menejimenti. Ukiitazama kalenda ya mwaka huo utajiuliza ni nani aliyechagua wakati. Wanajeshi wetu, katika vita na Uganda, walikuwa ndiyo kwanza wameingia Kampala mwezi Aprili, hazina imekauka, na Mwalimu Nyerere amewaambia wananchi wajifunge mkanda kwa miezi 18. Sabuni ilipatikana kwa foleni. Miaka mitatu nyuma, 1976, serikali ilikuwa imeendesha Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yakafungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ujamaa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imekufa 1977 na mpaka wa Kenya umefungwa. Katika hali hiyo, pale Mlimani, vijana wakakaa darasani kufundishwa biashara.

Wapo wanaolicheka jambo hilo hadi leo. Mimi nadhani wanacheka bure. Biashara ilikuwapo, tena kubwa, ila mwenye mali alikuwa mmoja. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na kesho yake mabenki yakawa ya umma. Yakafuata makampuni makubwa ya kuagiza na kuuza bidhaa nje, yakaunganishwa kuwa Shirika la Biashara la Taifa, ambalo baadaye nalo lilivunjwa na kazi yake ikakabidhiwa makampuni ya biashara ya mikoa, yale tuliyoyaita RTC. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 mashirika ya umma yalikuwa yamepita 400. Kila moja lilitaka meneja, mhasibu, mkaguzi wa ndani na mtu wa ugavi. Wazungu na Waasia waliokuwa wakizishika leja hizo wengi walikuwa wamekwisha kuondoka. Serikali ikajikuta na duka kubwa kuliko yote nchini, na haina karani.

Zamani karani alipatikana dukani kwenyewe. Unguja ya karne ya 19, nyumba ya biashara ya Jairam Shivji iliendesha forodha ya Sultani, na Taria Topan akakopesha mitaji ya misafara ya bara, ukiwamo wa Tippu Tip. Hakuna aliyeonyesha cheti. Kijana alikaa nyuma ya kaunta ya baba au ya mjomba, akafagia, akapima mchele, akaruhusiwa kushika daftari, na mwisho akaruhusiwa kushika kisanduku cha fedha. Mafunzo hayo yalikuwa mazuri, lakini mlango wake ulikuwa ukoo. Mtoto wa mkulima wa kahawa hakuwa na mjomba mwenye kaunta.

Kwa mtoto huyo, mlango wa kwanza ulikuwa ushirika. Wakulima wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao kikuu, KNCU, tangu 1933, na vyama vilihitaji watunza hesabu waaminifu. Ndiyo sababu Chuo cha Ushirika Moshi kilifunguliwa mapema, 1963, kikafuatiwa na Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, Dar es Salaam mwaka 1965. CBE kilifundisha mambo ya ofisini na sokoni, na baadaye kikajulikana kwa fani moja ambayo watu huisahau: vipimo. Anayekagua mizani ya pamba au pampu ya mafuta naye ni mtu wa biashara, nadhani wa biashara kuliko sisi tunaopenda tai.

Shahada yenyewe, hata hivyo, ilibaki Nairobi. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichodumu kuanzia 1963 hadi 1970, kiligawana kazi kati ya matawi yake matatu: Makerere udaktari na kilimo, Dar es Salaam sheria, Nairobi uhandisi, tiba ya mifugo na biashara. Mtanzania aliyetaka B.Com alipanda basi kwenda kaskazini. Chuo hicho kilipovunjika 1970, Kenya ikabaki na kitivo cha biashara na sisi tukabaki na wanasheria, wakati ambapo ndiyo kwanza tumetaifisha kila kitu.

Ukitaka kuona serikali ilivyoshtuka, angalia mwaka 1972. Katika mwaka huo mmoja ilitungwa sheria ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA. Kikaanzishwa Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, ambacho mpaka leo kipo Mtaa wa Shaaban Robert (sijui mshairi wetu angesema nini kuzungukwa na wahasibu). Na Mzumbe, iliyoanza 1953 kama shule ya watumishi wa serikali za mitaa, ikageuzwa kuwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, IDM. Hivyo kitivo cha Mlimani kilipofunguliwa 1979 kilikuwa kitinda mimba wa familia hiyo, ingawa ndicho kilichovaa joho la shahada.

Sifa za kujiunga wakati huo zingemshangaza kijana wa leo. Azimio la Musoma la 1974 lilikuwa limekata njia ya kutoka kidato cha sita moja kwa moja hadi chuo kikuu. Ulikwenda kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, kisha kazini angalau miaka miwili, kisha mwajiri na tawi la chama wakakuandikia kwamba unafaa. Sera hiyo ilikuwa na lawama zake, na mtu aliyetaka kukukomesha alijua mahali pa kukukamatia. Lakini darasa la biashara lilinufaika nayo kuliko darasa lolote. Mwalimu alipoeleza upotevu wa mali ghalani, mbele yake walikaa watu waliowahi kushika funguo za ghala.

Somo gumu lilikuwa masoko. Vitabu vyenyewe viliandikwa Marekani na Uingereza, vikaeleza jinsi ya kumvuta mteja. Utavifundishaje katika nchi ambako mteja ndiye anayembembeleza muuzaji, na neno linalotumika dukani si kuuza, ni kugawa? Tena miiko ya uongozi ya Azimio la Arusha ilimkataza kiongozi, hata mtumishi wa serikali wa ngazi ya kati, kuwa na hisa katika kampuni au kupangisha nyumba. Mhitimu alijua kukokotoa faida ya hisa ambayo yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuinunua.

Hapa nipenyeze neno kuhusu majina, maana wazazi huuliza kila mwaka: B.Com na BBA zina tofauti gani? Kwa sehemu kubwa ni tofauti ya ukoo. Mwaka 1881 mfanyabiashara wa nikeli na chuma, Joseph Wharton, alikipa Chuo Kikuu cha Pennsylvania dola 100,000 kufungua shule ya biashara, na huko Marekani likakua jina la usimamizi wa biashara, yaani BBA. Waingereza walichelewa; Birmingham ilianza kufundisha biashara kwa shahada mwanzoni mwa karne ya 20, na jina lao likawa la biashara tu, yaani B.Com. Sisi, kwa kuwa tulitawaliwa na Waingereza, tukaanza na B.Com, na BBA ikaja baadaye. Zote mbili zina uhasibu, uchumi, sheria ya biashara, takwimu na menejimenti mwanzoni. Hizo takwimu zinazowapa vijana sapu, yaani mitihani ya marudio, nazo zina asili yake: mwaka 1959 ripoti mbili, zilizogharimiwa na taasisi za Ford na Carnegie, zilizisema shule za biashara za Marekani kuwa ni nyepesi mno, na tangu hapo hisabati ikapandishwa kiti cha mbele.

Michepuo ndiyo inayonivutia zaidi, kwa sababu kila mmoja una tarehe iliyofichika ndani yake. Uhasibu ni mtoto wa utaifishaji na wa NBAA. Bila bodi ile na mitihani yake ya CPA, mchepuo huo usingekuwa mkubwa namna hii. Benki na huduma za fedha ni mtoto wa 1991, mwaka ilipotungwa sheria iliyoruhusu tena mabenki binafsi. Kabla ya hapo ukisema benki ulimaanisha Benki ya Taifa ya Biashara, NBC, nayo ikaja kugawanywa 1997. Fedha na uwekezaji ulipata uhai Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipofungua biashara mwaka 1998 likiwa na kampuni moja tu, TOL ya gesi. Ununuzi na ugavi, ambao zamani ulionekana kazi ya mtu wa stoo, ulipanda hadhi ghafla baada ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2004 kuzitaka ofisi za umma ziwe na wataalamu wake. Mwaka huohuo ikaja sheria mpya ya ajira na mahusiano kazini, na yule Afisa Utumishi akabadilishiwa kibao cha mlangoni kikawa Rasilimali Watu. Na ujasiriamali? Neno lenyewe, jasiri kuunganishwa na mali, lilienea pale mashirika yalipobinafsishwa na ajira za uhakika zikayeyuka. Serikali ilipoacha kuwaajiri wahitimu, vyuo vikaanza kuwafundisha kujiajiri. Mzumbe, iliyokuwa IDM hadi ilipopandishwa kuwa chuo kikuu 2001, leo inafundisha ujasiriamali mahali pale pale ilipowapika watumishi wa serikali za mitaa.

Kitivo cha 1979 nacho kilibadili jina 2008, kikawa Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Barua ya tawi la chama haitakiwi tena. Anayetoka kidato cha sita anatakiwa awe amefaulu kwa kiwango kikuu masomo mawili yenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0, ambapo A ni 5 na E ni 1. Anayetoka stashahada, GPA isiyopungua 3.0. Kila chuo huongeza masharti yake juu ya hayo, na sharti la hisabati ndilo linalowaponyoka wengi kwa kuwa halisomwi mpaka mwisho wa mstari. Ndani ya miaka mitatu mwanafunzi hukusanya krediti zisizopungua 360, kila moja ikihesabiwa saa 10 za kusoma, na humo humo kuna wiki za mafunzo kwa vitendo, ambazo wanafunzi huziita fildi. Kazi aliyoifanya mwenzake wa 1979 kwa miaka miwili kabla ya kuingia chuoni, yeye anaionja kwa wiki chache likizoni.

Ombi langu ni kwa waliosoma Mlimani, IDM, IFM au CBE katika miaka ya 1970 na 1980. Vile vijitabu vya chuo vya wakati huo, vyenye orodha ya masomo, ada na masharti ya kujiunga, vimebaki kwenye masanduku ya nyumbani kwenu, nami nimekwisha kununua karanga zilizofungwa kwa ukurasa wa kimoja. Kama unacho, kipeleke maktaba ya chuo chako.