Mkukusu wa Mrusungu na daftari la miti yetu

Ndugu zangu wa Mbokomu, mkaguzi wa hesabu akiingia ofisini mwisho wa mwaka, kati ya vitu vya kwanza anavyoomba ni daftari la mali. Kuna nini, kiko wapi, kina ukubwa gani, nani amekihakiki? Kitu kisichomo kwenye daftari kikipotea, hakuna wa kuulizwa. Nimefanya kazi hiyo miaka mingi mjini, na kila Desemba ninapopanda nyumbani najiuliza maswali hayo hayo kuhusu miti.

Mlima wetu umeandikwa sana. Mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji mwaka 1848, akaandika, na baadhi ya wasomi wa Ulaya wakambishia. Hans Meyer alifika kileleni mwaka 1889. Baadaye kilele kikapimwa, mita 5,895, na barafu ikawa inapimwa tena na tena ili ijulikane imepungua kiasi gani. Wageni hao wote walipita msituni, lakini macho yao yalikuwa juu. Msitu ulikuwa njia tu ya kufikia theluji.

Ndiyo maana ilichukua muda mrefu kujulikana rasmi kwamba juu ya kijiji cha Tema, katika bonde la Mrusungu, umesimama mti wa asili mrefu kuliko yote iliyowahi kupimwa Afrika. Ni mkukusu, ndugu wa mkangazi. Dk. Andreas Hemp wa Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, ambaye ameuchunguza mlima huu kwa miaka mingi, aliwahi kuiona mikukusu hiyo mapema, lakini hakukuwa na kifaa cha kuaminika cha kuipimia. Kati ya mwaka 2012 na 2016 yeye na wenzake walirudi na vipimo vya leza. Mikukusu kumi mirefu zaidi ilikuwa na urefu wa kati ya mita 59.2 na mita 81.5. Mita 81.5 ni kama jengo la ghorofa 27. Upana wa mashina ulifika mita 2.55, yaani mzingo wa karibu mita 8: watu watano wakishikana mikono kuuzunguka, nadhani watahitaji wa sita. Umri ulikadiriwa kuwa miaka 500 hadi 600. Huenda mti huo ulikuwa umeshaota Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498.

Wazee waliochana mbao waliijua mikukusu kabla leza haijabuniwa. Walichokosa ni namba, na dunia hii huamini namba.

Kwa nini kwetu? Udongo wa volkano una rutuba, mvua za upande wa kusini ni nyingi, joto linatosha, na bonde lenyewe ni refu kwenda chini, kwa hiyo mti unakingwa na upepo huku ukiwania mwanga. Lakini kuna sababu nyingine ambayo mtaalamu wa udongo hataitaja: bonde ni baya kufikika. Mlimani kwetu mti mnono uliosimama karibu na njia haukuzeeka. Msitu ulitangazwa hifadhi rasmi mwaka 1921. Mwaka 1941 ukatengwa ukanda wa Nusu Maili ili wananchi wapate kuni na majani. Mwaka 1984 serikali ikapiga marufuku uvunaji wa miti ya asili, na bado uchunguzi wa kutoka angani mwaka 2001 ulikuta miseri imekatwa kwa wingi. Mwaka 2005 msitu wote, pamoja na Nusu Maili, ukaingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa. Akina mama wanaotafuta kuni wanajua uamuzi huo uliwagharimu nini, na sitaki kuupamba. Ila mkukusu wa Mrusungu sasa una mlinzi.

Mti wa kihambani hauna. Zamani ulikuwa nao, tena mkali: aibu. Charles Dundas, mtawala Mwingereza aliyekaa Moshi, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1924 jinsi Wachaga walivyokata mti wa kuchongea mizinga ya nyuki. Mwenye mti aliuita dada yake, na siku moja kabla ya kuukata aliupelekea maziwa, pombe, asali na maharage kama anayemuoza binti. Siku ya shoka hakuwepo. Alifika mti ukiwa chini, akalia kwamba amechelewa na dada yake amechukuliwa. Leo mnunuzi anapiga simu, anatuma pesa, na mashine ya msumeno inamaliza kazi kabla ya chai ya saa nne.

Ombi langu kwa harambee ya mwaka huu ni dogo kuliko yote yaliyomo katika kijitabu hiki: daftari moja gumu kwa kila kijiji na mikanda ya kupimia. Vijana wapime mzingo wa shina kwa urefu wa mita 1.3 kutoka chini. Kwa miti ya kihambani urefu unaweza kupatikana kwa fimbo na kivuli, kama tulivyofundishwa darasani. Waandike jina la mti kwa Kichaga na Kiswahili, kihamba cha nani, na mzee anasema nini juu yake. Waanze na mringaringa, mfumu na msesewe, ambao wengi wetu tunaukumbuka kwa gome la mbege tu.

Nimeshaandika mstari wa kwanza. Mringaringa, kihamba cha mama, kando ya mfongo, mzingo sentimita 264. Mama anasema uliupandwa na babu. Shangazi anabisha, anasema babu aliukuta. Mnunuzi wa mbao ameshakuja mara mbili.