Daraja na Hali ya Sarafu za Fedha Zanzibar

Daraja la sarafu ni kipimo cha kiasi ilichokwisha kulika tangu itoke katika mtambo wa kuchapia, ilhali hali yake ni jumla ya mambo yote yaliyoifika, yakiwemo kukwaruzwa, kutobolewa na kusafishwa. Katika Mji Mkongwe na kisiwa kizima cha Unguja, ambako fedha za mataifa mengi zilizunguka pamoja katika karne ya 19, mambo haya mawili hukaguliwa kila moja peke yake, kwa kuwa sarafu iliyolika kidogo yaweza kupoteza thamani kwa sababu ya tobo moja, na iliyolika sana ikawa haina dosari nyingine yoyote.

Sarafu zinazopatikana

Iliyoenea zaidi ni reale ya Maria Theresa wa Austria, yenye uzito wa gramu 28.07 na kipenyo cha takriban milimita 40, ambayo sehemu 833 kati ya 1,000 za madini yake ni fedha halisi na sehemu iliyobaki ni shaba. Reale hii iliendelea kuchapwa baada ya kifo cha malkia huyo ikibakiza mwaka 1780, kwanza katika Austria, na baadaye pia katika miji mingine kama Roma, London na Bombay. Kwa hiyo tarehe iliyoandikwa haithibitishi umri wake. Sultan Barghash alitoa reale yake mwenyewe mwaka 1882, sawa na 1299 Hijria, yenye maandishi ya Kiarabu bila sura ya mtu. Nyingine ni rupia ya India na rupia ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki iliyoanza kutolewa mwaka 1890, ambazo kila moja ina gramu 11.66, pamoja na shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoingia Zanzibar mwaka 1936 ikiwa na robo tu ya fedha halisi hadi matoleo ya mwaka 1946.

Vipimo vya daraja

Mizani inayotumika zaidi duniani ina alama 1 hadi 70, nayo ilitungwa na William Sheldon wa Marekani mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za nchi yake, kisha ikatumiwa kwa sarafu za aina nyingine. Alama 60 na zaidi ni za sarafu isiyowahi kutumika. 50 hadi 58 ni za ile iliyoguswa tu katika sehemu zilizoinuka. 40 hadi 45 ni za ile inayoonyesha karibu mapambo yote madogo. 20 hadi 35 ni za ile iliyolika kwa kadiri. Na 12 hadi 15 ni za ile ambayo maandishi yake husomeka lakini mapambo yamesawazika.

Mkaguzi huishika sarafu kwa ukingo wake na kuiinamisha chini ya taa moja. Sarafu mpya huwa na mng'ao wa chapa, yaani nuru inayozunguka juu ya mistari myembamba sana iliyoachwa na madini yalipotawanyika chini ya muhuri, na mng'ao huo hutoweka kwanza mahali palipoinuka. Katika reale ya Maria Theresa mahali hapo ni nywele zilizo juu ya sikio, bega, lulu za bizimu na kifua cha tai mwenye vichwa viwili; katika rupia ya Kijerumani ni tai aliye juu ya kofia ya Kaisari Wilhelm II. Sehemu ambayo muhuri haukuigonga sawasawa isidhaniwe kuwa imelika, kwa sababu yenyewe hubaki na mng'ao, ilhali iliyolika huwa bapa na kufifia.

Dosari na usafishaji

Sarafu nyingi za fedha ziligeuzwa mapambo ya kuvaliwa, hivyo ukingo hukaguliwa kwa makini kutafuta mabaki ya lehemu, alama za tupa na tobo lililozibwa, ambalo hujulikana kwa herufi zilizokatika na rangi isiyolingana na sehemu nyingine. Utando wa kijivu, wa dhahabu au wa buluu, unaotokana na salfa iliyomo hewani, si dosari ikiwa ulijijenga polepole, bali kuusugua kwa ndimu, majivu au dawa ya meno huacha mikwaruzo isiyoondoka na hushusha thamani kuliko miaka mingi ya kutumika. Kwa kuwa hewa ya pwani ina unyevu na chumvi, sarafu huhifadhiwa mahali pakavu, ndani ya karatasi isiyo na asidi.

Uhalisi

Uhalisi huthibitishwa kabla ya daraja. Reale yenye mapambo makali iliyopungua uzito kwa zaidi ya gramu moja ni ya kutiliwa shaka, kwani kulika na kupungua uzito huenda pamoja. Vivyo hivyo ile isiyo na maneno ya Kilatini IUSTITIA ET CLEMENTIA, yaani haki na huruma, yaliyoinuka kwenye ukingo, au yenye mshono wa kalibu.

Sarafu za ardhini

Sarafu zinazofukuliwa hazifuati vipimo hivi. Hazina ya Mtambwe Mkuu, Pemba, iliyogunduliwa mwaka 1984 ikiwa na sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, ilipata umuhimu wake kutokana na mahali ilipokutwa na majina ya watawala yaliyoandikwa juu yake, wala si kwa ung'avu. Anayeokota sarafu ya namna hiyo asiisafishe, bali aandike mahali alipoipata na kuifikisha kwa wataalamu wa makumbusho na mambo ya kale.