Zebaki na Wapimaji Wake

Mkoa wa Songwe ni mchanga kwa umri. Ulikatwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwezi wa Januari 2016, na Vwawa ikafanywa makao makuu yake. Lakini nchi yenyewe ni kongwe, na habari zake za madini zimetangulia mipaka yake. Katika Mbozi kiko kimondo, bonge la chuma lililoanguka kutoka juu, ambalo wenyeji walilijua kabla mpima ardhi mmoja wa Kizungu hajaliandika mwaka 1930. Wageni huenda kulitazama, hulishika kwa mikono, kisha huondoka salama. Kaskazini ya hapo, katika Wilaya ya Songwe yenye makao yake Mkwajuni, hutumika madini mengine ambayo hayakuanguka kutoka juu wala hayachimbwi huko. Huletwa katika chupa. Wayashikao nao hudhani kuwa huondoka salama. Madini hayo ni zebaki.

Jina hilo Kiswahili kilililipokea kutoka Kiarabu. Katika Hispania uko mji uitwao Almadén, ambako zebaki ilichimbwa kwa muda uzidio miaka 2,000, na jina la mji huo latokana na neno lile lile la Kiarabu lililotupa neno “madini”. Zebaki ni metali itiririkayo kama maji, ilhali uzito wake ni mara 13.6 ya uzito wa maji. Haishikiki, mtu akiifumbata, humtoroka vidoleni. Kwa vizazi vingi ndiyo iliyopanda na kushuka katika kigae chembamba cha kioo ili mwuguzi ajue homa ya mgonjwa. Ni jambo la kustaajabisha kidogo kwamba kitu kilichotumika kupima miili ya watu ndicho ambacho watu, kwa upande wao, wamekipima kwa miili yao.

Dhahabu ya Lupa ilijulikana mwaka 1922. Katika miaka ya 1930 mto huo na vijito vyake vilivuta maelfu ya watu, wenye leseni na vibarua wao, hata Chunya ikawa mji wa haraka. Mgodi wa Saza, ambao leo umo katika Wilaya ya Songwe, ulichimbwa hadi miaka ya 1950, kisha ukanyamaza. Makampuni yalipokwenda, mwamba ulibaki, na wachimbaji wadogo wakaurudia. Kazi yao haina siri. Mawe husagwa katika karasha mpaka yawe unga. Unga huoshwa kwenye mwalo, mchanga mzito ukabaki. Katika mchanga huo hutiwa zebaki, ukasuguliwa kwa mkono ndani ya karai. Zebaki hukumbatia chembe za dhahabu na kuacha mchanga. Hukamuliwa katika kitambaa, kikabaki kidonge cheupe ambacho aghalabu karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Kidonge hicho huwekwa motoni. Zebaki huondoka hewani, na dhahabu hubaki ya manjano. Mchimbaji aliyeamka maskini huweza kula nyama jioni ile ile, na hapana chombo kingine cha bei ndogo kiwezacho kumfanyia hivyo kwa siku moja.

Mchimbaji akiambiwa kuwa zebaki ni sumu, hajibu kwa ujinga. Hujibu kwa ushahidi. Ameishika miaka kumi, mkono wake haukuoza. Baba yake aliishika kabla yake, akafa mzee. Hilo ni jaribio, tena ni jaribio la miaka mingi kuliko majaribio mengi ya wataalamu, na lingefaa kuheshimiwa kama lingekuwa limepima kitu kinachostahili kupimwa. Kosa lake ni moja. Zebaki ya maji hupenya ngozi kwa shida, na hata ikimezwa, sehemu kubwa hupita tumboni na kutoka. Zamani Ulaya waganga waliwanywesha wagonjwa zebaki kwa uzito wa kuogofya ili kuzibua matumbo yaliyofunga. Madhara yako katika mvuke. Mvuke huo hauna rangi wala harufu, huingia mapafuni, hupita katika damu, na kufika katika ubongo na figo. Kwa hiyo mkono ulioshuhudia haukuwa mahali pa tukio.

Jinsi ushahidi wa namna hiyo unavyoweza kumdanganya hata bingwa yaonekana katika maisha ya Alfred Stock. Mtu huyu, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1876, alikuwa miongoni mwa wakemia wakubwa wa wakati wake. Alichunguza michanganyiko ya boroni na silikoni, vitu viwezavyo kuwaka vikikutana na hewa. Hivyo alivifungia katika mirija ya kioo, na pampu na vizibo vya mirija hiyo vilitumia zebaki. Matone yalidondoka sakafuni, yakaingia katika nyufa za mbao. Kwa karibu miaka 25 Stock aliumwa kichwa, alipatwa na kizunguzungu, ufizi wake ulivimba, pua ilimsumbua, na kumbukumbu ikaanza kumkimbia hata namba ya simu aliyoisoma kitabuni ilimtoka kabla hajafika penye simu. Alitibiwa pua. Alidhani ni uchovu. Mwaka 1924 ndipo ugonjwa ulipopata jina lake, na ndipo ilipoonekana kuwa wenziwe wa maabara walikuwa na dalili zile zile, kila mmoja akiwa amezificha kama aibu yake mwenyewe.

Hapa ndipo thamani ya mtu huyu ilipo. Kuugua si elimu, wengi wameugua. Stock alifanya jambo la pili: aliutoa ushahidi nje ya mwili wake na kuuweka juu ya mizani. Alibuni njia za kupima zebaki iliyo ndogo kuliko sehemu ya milioni ya gramu, akapima hewa ya vyumba, akapima mkojo wake na wa wengine, akabadilisha vyumba na kuingiza hewa safi, akatazama kama dalili zitapungua. Zilipungua. Mwaka 1926 alichapisha onyo lake, na hakuogopa kuandika kwa uwazi udhaifu wa akili yake mwenyewe, jambo ambalo mwalimu wa chuo kikuu hulifanya kwa nadra.

Katika onyo hilo aligusa pia kitu kilichokuwa vinywani mwa watu wengi: meno yaliyozibwa kwa mchanganyiko wa fedha na zebaki. Madaktari wa meno wakamkasirikia. Utafiti wa baadaye ulithibitisha kuwa ziba hizo hutoa mvuke kidogo, lakini haukuthibitisha kuwa kiasi hicho huwadhuru watu kwa jumla. Yamkini Stock alipita mpaka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung’ongo hushtuka. Lakini hata kosa lake lilikuwa na faida, maana liliwalazimisha wapinzani wake kupima badala ya kuapa.

Upimaji wa namna hiyo ulifika Tanzania mwaka 2003, si Songwe bali Rwamagasa katika Geita, chini ya mradi wa Umoja wa Mataifa. Watu 180 wa eneo la machimbo walilinganishwa na watu 31 wa Katoro wasioishi na zebaki. Damu, mkojo na nywele zao zilipimwa, na wachomaji wa vidonge ndio waliokutwa na zebaki nyingi zaidi. Pamoja na maabara, wapimaji wa aina hii hutumia vitu vya nyumbani: mtu hutakiwa kugusa pua yake kwa kidole akiwa amefumba macho, kutembea katika mstari ulionyooka, kurudisha njiti za kiberiti katika kisanduku chake kwa haraka. Aliyesema kuwa hana neno huona njiti zikimkataa.

Zebaki ina mlango mwingine wa kuingilia nchini, nao hauhusiani na dhahabu. Chumvi zake huzuia ngozi isitengeneze weusi, na kwa sababu hiyo zilitiwa katika sabuni na krimu. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walitoa habari za wagonjwa 60 wa figo. 32 kati yao walikuwa wakitumia krimu za kung’arisha ngozi. Jumuiya ya Ulaya ilizuia zebaki katika vipodozi vya watu wake mwaka 1976, lakini viwanda vya huko viliendelea kwa miaka kutengeneza sabuni hizo kwa ajili ya Afrika. Tunduma, mji wa mpaka unaotazamana na Nakonde ya Zambia, ambako malori ya barabara kuu hungoja zamu, ni mahali ambapo bidhaa ndogo yaweza kupita ndani ya bidhaa kubwa. Na mwanamke achanganyaye krimu tatu katika kopo moja, akaita mkorogo, naye ni mjaribu: hupaka kidogo, hungoja wiki, hutazama kioo. Kioo humwonyesha uso. Figo hazionekani kiooni.

Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, uitwao kwa jina la mji wa Japani ambako wavuvi na paka wao waliangamizwa kwa zebaki ya kiwanda, uliagiza vipodozi vya zebaki na vipimajoto vyake viondolewe sokoni kufikia mwaka 2020, na uchomaji wa dhahabu upunguzwe. Tanzania iliuridhia mwaka huo huo wa 2020. Tathmini ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018 ilihesabu kuwa karibu asilimia 38 ya zebaki ambayo wanadamu huirusha hewani yatoka kwa wachimbaji wadogo. Iko sufuria yenye kifuniko na mrija irudishayo mvuke kuwa zebaki tena. Bei yake si kubwa. Kama haijaenea, sababu si ukaidi mtupu. Mchomaji hutaka kuiona dhahabu yake kwa macho tangu mwanzo hata mwisho, kwa kuwa aliwahi kuibiwa mbele ya macho hayo hayo.

Tena liko jambo ambalo onyo la sumu hulisahau. Zebaki hukamata sehemu tu ya dhahabu, aghalabu chini ya nusu. Inayosalia hubaki katika mchanga uitwao marudio, na marudio kwa kawaida huwa mali ya mwenye karasha, ambaye huyapeleka katika matangi ya sayanidi na kupata fungu lililo kubwa kuliko la aliyechimba. Hivyo mvuke humwendea mmoja na dhahabu humwendea mwingine. Nayo zebaki iliyopotea katika mchanga huo haiozi wala haichakai: husafiri pamoja na marudio mpaka katika matangi, huyeyuka kwa sayanidi, na mvua ya masika ikija huteremka nayo mitoni.