Uzima Uliorudishwa: Padri Tempels na Kiu ya Wazee Wetu

Ndugu wasomaji, Wakristu wa Kamina na wa Haut-Lomami yote, neno «ushindi» tunalisikia kila siku. Watu wanaahidiwa ushindi juu ya ugonjwa, juu ya umaskini, juu ya wachawi. Je, huo ndio ushindi ambao Bwana wetu Yezu Kristu anawarudishia wabatizwa? Historia ya Katanga inatusaidia kujibu.

Mwaka 1933 alifika Kongo Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji, akafanya kazi kati ya Waluba. Aliona jambo la kuhuzunisha. Wakristu walijua katekismu, lakini taabu ilipoingia nyumbani, wengi walirudia manga ya zamani. Wengine walisema: ni wapagani tu. Padri aliuliza: wanatafuta nini?

Akatambua kwamba wanatafuta uzima wenye nguvu. Kwa wazee wetu, ugonjwa, utasa na uchawi hupunguza uzima. Baraka ya wazazi huuongeza. Mawazo hayo aliyaeleza katika kitabu kilichotoka kwa Kifransa mwaka 1945 huko Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo.

Tangu mwaka 1953 alikuwa Kolwezi, kati ya wafanyakazi wa migodi na wake zao. Hapo ilizaliwa Jamaa, na maneno yake makubwa yalikuwa matatu: uzima, uzazi, mapendo. Kristu hakuidharau kiu ya wazee wetu. Yeye mwenyewe alisema kwamba amekuja ili tuwe na uzima tele (Yoane 10,10). Dhambi ilitupotezea uzima huo, Ubatizo unaturudishia.

Tazameni matunda yake. Mume na mke waliozoea kuishi kama bwana na mtumishi walijifunza kukaa pamoja na kufunguliana moyo. Hata wasiojaliwa mtoto walifundishwa kwamba wanaweza kuzaa kiroho, kwa kuwaleta wengine katika mapendo ya Kristu. Katika nchi ambamo mke asiyezaa huchekwa na kufukuzwa, huo si ushindi mdogo!

Lakini tusifiche upande wa pili. Padri Tempels alirudi Ubelgiji mwaka 1962, akafa huko mwaka 1977. Baadhi ya wana-Jamaa walijitenga, wakashika mafundisho ya siri, hata maaskofu wakalazimika kuwaonya. Tawi lililokatwa haliwezi kuzaa, hata likibaki na majani mabichi siku chache.

Basi, ushindi ni nini? Kristu alishinda kwa njia ya msalaba, akafufuka siku ya tatu. Mtakatifu Paulo anapotuita washindi, anataja pia njaa, mateso na upanga (Warumi 8). Kwa hiyo mgonjwa anayekufa akiwa amepokea Sakramenti na kumsamehe adui yake, hakushindwa. Bali anayemfukuza mtoto au bibi mzee nyumbani akimwita mchawi, akidhani kwamba amepata ushindi, huyo ameshindwa tayari, kwa maana amefukuza mapendo.

Ndugu, tumwombe Mungu afya na mkate, si vibaya. Lakini tusiuze uzima wa Ubatizo wetu kwa kununua nguvu nyingine. Taabu ikibisha mlangoni, itukute pamoja: baba, mama, watoto na jirani, mbele ya msalaba.